Siku Kumi na Tisa za Fundi Sagini

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi jioni, Mzee Zablon Sagini atanawa mikono kwa sabuni ya unga na kutoka kwenye gereji ya Shamba la Chai la Kaptolilo kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumika miaka thelathini na minne, miezi minane na siku ishirini na nne. Nimehesabu mwenyewe kwa kalenda ya ukutani, mara mbili, na aliye na hesabu nyingine aje stoo tubishane.

Anayeandika ni Bogonko, mshika stoo ya mafuta na vipuri, ambaye nusu ya kambi hii mnamwita Anko. Kamati ya sherehe ya kumuaga ilitaka wasifu uandikwe na mtu aliyesoma. Waliosoma walipoulizwa Sagini anatia sukari vijiko vingapi kwenye chai, wakatazamana. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na minane, na kikohozi chake nakijua: cha vumbi, cha moshi, na kile cha kumwambia mgeni kwamba saa imekwenda. Ndiyo nikapewa ukurasa.

Mtasoma haya Jumamosi mkiwa mmeketi hemani, maziwa ya mursik mkononi. Tafadhali msiruke katikati mkatafute jina lenu mwishoni. Kwenye faili la Sagini kuna barua ya onyo ya mwaka 2014. Inasema aliua mashine nane za kuchuna chai kwa makusudi. Kwa ajili ya barua hiyo alinyimwa cheo cha ufomani, na kwa miaka kumi na moja ameingia kwa geti akitazamwa kama mtu aliyechoma nyumba ya mwenzake. Sikutaka atoke na jina hilo kwa geti hilo hilo. Kama si hivyo nisingeshika kalamu, maana mimi na kalamu hatuonani ila wakati wa kusaini petroli.

Sagini alizaliwa hapa hapa kambini, mwana wa wachunaji waliokuja kutoka Kisii. Aliandikwa kazi tarehe 4 Machi 1991, kupalilia. Miezi sita baadaye pampu ya maji ya zahanati ikakataa kuwaka siku tatu, na fundi aliyeletwa kutoka mjini akasema imekwisha, inunuliwe nyingine. Sagini alikuwa amekuja kudungwa sindano ya malaria tu. Akaomba aiangalie. Akafungua bomba la moshi na kutoa tope kavu kiasi cha ngumi: nyigu walikuwa wamejenga humo. Akavuta kamba mara moja, pampu ikawaka. Watu husema alivuta kwa mkono wa kulia huku nesi akimdunga kwenye mkono wa kushoto. Mwaka huo sikuwa nimefika Kaptolilo, lakini naamini, kwa sababu nimemwona kwa macho yangu akifanya magumu kuliko hayo.

Alihamishiwa gereji wiki hiyo hiyo, na tangu hapo kila kitu hapa kinachokunywa petroli na si gari kimepita mikononi mwake. Mwaka 2006 zikaja mashine za kuchuna chai, zile zinazobebwa na vijana wawili, mmoja upande huu na mmoja upande ule wa mstari wa michai, kisu kama makasi marefu katikati na mfuko nyuma ukijaa majani. Sagini alizijua kwa sauti. Asubuhi moja ya ukungu mzito tulikuwa tumesimama mlangoni kwa gereji, mashine zinalia mbali huko ng'ambo. Akainua kidole, akaniambia namba sita ina masizi kwenye plagi. Nikatumwa kwa baiskeli. Nikafika, nikaifungua plagi ya namba sita, nyeusi kama sufuria ya kuni. Wengine wanaosimulia hadithi hii husema ilikuwa vilima viwili kutoka gereji. Mimi ndiye niliyekanyaga baiskeli. Vilikuwa vitatu.

Kanuni zake zilikuwa chache na hazikuwa na sikukuu. Kila jioni sifongo ya eya klina, ile inayochuja hewa ya injini, inatolewa, inaoshwa kwa maji ya sabuni, inakamuliwa kwa kiganja bila kusokotwa, inakaushwa na kupakwa tone la oili. Majani yaliyonasa kwenye mbavu za silinda yanatolewa kwa kijiti, kwa sababu silinda isiyopata hewa inajipika yenyewe. Kila Jumamosi plagi inafunguliwa, inasuguliwa, na mwanya wake unapimwa kwa kipande cha msumeno wa chuma. Kijana aliyevuta kamba ya kuwasha kwa hasira alinyang'anywa mashine na kurudishwa kubeba magunia mpaka hasira ziishe. Sagini aliwaambia wote neno moja, kwamba injini haifi, huuawa.

Kanuni iliyokuwa kubwa kuliko zote ni ya mafuta. Mashine hizi hazina tumbo la oili. Oili yake huchanganywa ndani ya petroli, sehemu moja kwa ishirini na tano. Ikikosekana, pistoni inasugua silinda kavu, inashika moto, inanasa, na hapo hata mchungaji haisaidii. Sagini alichanganya mwenyewe kila jioni kwenye mtungi mweusi mkubwa na kuuweka stoo kwangu. Kando yake ulikaa mtungi mwingine mweusi wa petroli tupu, ya pampu ya maji, ambayo oili yake hukaa chini ndani ya injini. Ili tusikosee, kwenye mkono wa mtungi uliochanganywa alifunga kamba ya katani. Wenye kamba, wa mashine za chai. Usio na kamba, wa pampu. Hata asiyejua kusoma alielewa, na kwa miaka minane hakuna aliyekosea.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye sherehe huwa halisemwi. Kila mashine aliyoiwasha Sagini ilishusha vikapu migongoni mwa watu. Mke wake, Mongina, alikuwa mchunaji wa Kikosi cha Nne kwa miaka ishirini na miwili. Nyapara wa kikosi alikuwa Chepkemboi, ambaye ulimi wake mnaujua. Asubuhi akipita gereji alimuuliza Sagini kama yule mtoto wake wa chuma ameshanyonya. Siku moja alisimama kabisa akatua kikapu.

"Inachuna jani, inachuna kijiti, inachuna na kinyonga," akamwambia. "Baba Gesare, mnawanywesha watu chai ya kinyonga."

Sagini alicheka, sote tukacheka. Lakini vikosi vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja. Cha Kwanza kilikwenda, cha Tatu kikafuata, na nyumba za kambi zikaanza kuota nyasi mlangoni. Jumapili ya mwisho ya Aprili 2014 watu walitoka kanisani wakakuta karatasi imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi: Kikosi cha Nne kimefungwa. Hapakuwa na kikao wala mkono wa kwaheri. Vikapu vyao vilikuwa bado vimening'inia kwenye banda la kupimia majani. Mongina aliketi mlangoni siku nzima akitazama vidole vyake, ule weusi wa utomvu wa chai ambao hautoki kwa sabuni. Sagini alikuwa ndani, ananuka petroli. Nilipita kuwasalimu, nikaona hapana nafasi ya mtu wa tatu.

Wiki mbili baadaye, Jumanne tarehe 13 Mei, ndipo mashine zikafa. Nitaeleza zilivyokufa, na nitaeleza pole pole, kwa sababu sijawahi kuwaeleza.

Asubuhi hiyo shemeji yangu Esnah alipita stoo akitoka Kimulot, akaniachia jogoo. Jogoo mwekundu, mzito kama mwana wa mbuzi, na hapo siongezi chumvi sana. Mara akaruka juu ya mizani, akaangusha kopo la nati, akataka kuingia kwenye rafu ya plagi mpya. Nikatafuta kamba. Iliyokuwa karibu ni ile ya mtungi. Nikaifungua, nikamfunga jogoo mguu kwenye meza. Baadaye nilipata kamba yangu, nikambadilishia, nikarudisha ya Sagini mahali pake. Taa ya stoo ilikuwa imeungua na nje kulikuwa na ukungu. Niliifunga kwenye mtungi. Haukuwa ule.

Vijana walijaza mashine zote nane kutoka kwenye mtungi wenye kamba, kama walivyofundishwa. Kufika saa tatu ya kwanza ililia kama mbwa aliyekanyagwa, halafu ikanyamaza. Ya pili ikafuata, ya tatu, mpaka ya nane. Mlimani kukawa kimya kiasi kwamba watu wa ofisini walitoka nje kuuliza kuna nini.

Kikao kilifanyika pale pale mbele ya gereji. Meneja wa wakati huo hakuhitaji kufikiri sana. Mashine zimekufa kwa kukosa oili. Anayechanganya oili ni Sagini. Mke wa Sagini amefukuzwa na mashine wiki mbili zilizopita. Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la saba ningeifanya.

"Si wewe husema injini haifi, huuawa?" meneja alimuuliza mbele ya watu wote. "Basi aliyeua ni nani?"

Sagini alikuwa amechuchumaa kando ya mtungi, ameshika ile kamba. Akainua macho akatazama watu, nami nilikuwa miongoni mwao. Kisha akasema mtungi ni wake.

Nami sikusema. Mimi Bogonko, ambaye nikisalimiwa natoa historia, ambaye hata panya wa stoo yangu hatoki na nati bila kuniaga, nilisimama pale na mdomo wangu nimeufunga kama kifuniko cha tangi. Nilijiambia nitasema kesho. Jogoo tulimla jioni hiyo, na nyama yake ilikuwa ngumu.

Kumfukuza hawakuweza, maana hapakuwa na mwingine wa kufufua mashine nane. Akapewa barua. Na kwa kuwa mvua ya Mei ilikuwa inanyesha na majani yalikuwa yanapita umri kwenye michai, alasiri hiyo hiyo magari ya shamba yakazunguka kambini na vijijini kuwaita akina mama wa Kikosi cha Nne warudi na vikapu.

Kuta za nyumba zetu mnazijua, ni za kutenganisha macho tu. Jioni hiyo nilimsikia Mongina akiweka sahani mezani.

"Baba Gesare," akasema, "hakuna mtu amewahi kunifanyia kitu kama hiki."

Nilingoja nisikie Sagini akikana. Nilisikia kijiko kwenye sahani.

Akina mama wakachuna siku kumi na tisa. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi hivyo, na nimeona watu wengi wakifanya kazi, mimi nikiwa nimekaa. Walijua mwisho unakuja, kwa hivyo kila mmoja alipitia mistari yake yote aliyoizoea. Siku ya mwisho Chepkemboi hakungoja karatasi ya ukuta. Aliwasimamisha kando ya shamba namba sita, wakamimina majani, wakapindua vikapu chini juu, wakashikana mikono mmoja baada ya mwingine, halafu wakashuka kwa miguu wakiimba. Mongina alimpa Gesare, binti yake, kikapu chake ahifadhie viazi. Kesho yake mashine zikalia tena, zote nane, na mkono wa mtu haujachuna Kaptolilo tangu siku hiyo.

Yaliyofuata ni mafupi na si mazuri. Cheo cha foman kilikwenda kwa kijana aliyeletwa kutoka nje, aliyekuwa anaosha sifongo kwa petroli, na ni Sagini aliyemfundisha mpaka akawa mtu. Sikio la kushoto la Sagini likafa kwa kelele. Vidole vyake vikaanza kuwa vyeupe asubuhi za baridi, havisikii, na spana ikimwanguka mkononi hujifanya aliitupa. Februari 2023 Mongina akafariki. Tulimzika kwenye kipande chao cha ardhi huko Londiani. Kaburini Chepkemboi alisimama akasema ya kwamba wake za watu hununuliwa leso na viatu, lakini katika nchi yote hii ya chai ni mmoja tu ambaye mumewe alimuulia mashine nane. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilikuwa nimeshika jembe. Nikachota udongo nikamwaga.

Na sasa gereji yenyewe inafuata. Mwakani zinakuja mashine za betri, hazina plagi wala sifongo, na mahali pa benchi la Sagini pamechorwa chaki patakapokaa rafu ya kuchajia. Vijana wanafurahi kwamba hazina moshi. Nami nafurahi nao, wakinitazama.

Kwa hivyo wiki mbili zilizopita, nilipopewa ukurasa huu, nilijaribu kuandika bila Mei 2014 nikashindwa. Kila mstari ulikuwa unakwenda huko wenyewe. Nikaenda kwa Madam Meneja nikamwambia yote, jogoo na kamba na mtungi. Alinisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Namshukuru. Siku hiyo hiyo aliandika barua mpya, yenye muhuri, inayosema ile ya zamani ilikuwa makosa na kwamba Zablon Sagini hakuhusika kwa lolote.

Nikaipeleka gereji. Sagini alikuwa anapima plagi. Nilianza kukiri kwenye sikio bovu, akaniambia nihamie upande wa pili, na hata huo umepungua nguvu, ikabidi dhambi yangu niipigie kelele. Vijana wa nje waliisikia kabla yake.

Nilipomaliza aliweka plagi chini. Akasema alijua tangu saa tatu na nusu ya siku ile. Kwenye fundo la kamba palikuwa pamenasa unyoya mwekundu, na Kaptolilo nzima asubuhi hiyo jogoo mwekundu alikuwa mmoja tu, anawika stoo kwangu. Aliuchomoa unyoya pale pale kikaoni, akautia mfukoni.

Nikamuuliza kwa nini basi alininyamazia, akabeba barua yangu miaka kumi na moja. Nikadhani ataniambia habari za msamaha.

"Kosa la asubuhi lilikuwa lako, Bogonko," akasema. "Lakini pistoni na ringi zilifika siku ya nne. Ulisaini wewe mwenyewe. Mashine nane mimi huzimaliza kwa siku mbili."

Nikahesabu. Ni kweli nilisaini hilo sanduku. Ni kweli pia nilipita gereji siku ya tisa nikamkuta anasugua silinda ile ile niliyomwona nayo siku ya saba, na siku ya kumi na mbili anafungua mashine aliyokuwa ameifunga, nikaenda kuwatangazia watu kwamba Sagini wetu ni fundi asiyekimbilia kazi. Nilimsifu sana. Siku sita zilikuwa za jogoo wangu. Kumi na tatu zilikuwa zake, alizitengeneza kwa mkono, akifunga na kufungua, na mlimani mke wake anachuna.

Kisha akachukua ile barua mpya, akaisoma yote, muhuri na sahihi. Akanirudishia.

"Hii inasema sikufanya kitu," akasema. "Niletee ile nyingine."

Nilimkumbusha kwamba nikiandika haya yote yatasomwa na wakubwa. Akasema niandike, kwamba Ijumaa saa kumi anatoka kwenye orodha, na Jumamosi hana bosi. Ndivyo nilivyoandika.

Madam Meneja, usituhesabie utovu wa shukrani. Barua yako ni nzuri na ilikuwa kweli kwa upande wangu, nami naomba iingie kwenye faili langu, na iongezwe kwamba aliyekosea mtungi ni mimi. Akina mama wa Kikosi cha Nne mlioketi safu ya nyuma, na wewe Chepkemboi, msitazame chini. Mlichosema kaburini Londiani kilikuwa kweli. Mlikosea kidogo kwenye tarehe tu.

Sagini, kwa niaba ya kambi, gereji na stoo, asante kwa kila injini, na kwa kunyamaza. Nenda Londiani ukakae karibu na Mama Gesare. Majirani wakikuletea pampu iliyokataa kuwaka, angalau wangoje mpaka mwezi wa pili. Tunakuombea asubuhi zenye joto, viazi visivyooza, na vidole vyako virudi rangi yake. Wastaafu wengine hapa hupewa saa ya ukutani. Yako ni bahasha ya kaki, ipo mezani mbele yako. Ndani mna barua ya onyo ya tarehe 14 Mei 2014, yenyewe, si nakala. Nimeitoa kwenye faili na nimesaini.